Wafanya Kazi Wasioonekana Tumboni mwa Ng'ombe

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwenye macho hulitazama kila siku, lakini ni wachache waliopata kuiuliza maana yake. Ng'ombe hula majani, hata yale makavu ya kiangazi, na katika majani hayo hupata nyama, mafuta, nguvu za kuvuta plau, na maziwa ya watoto wetu. Lakini mtu akila majani hayo hayo, akayatafuna tangu asubuhi hata jioni, atakufa kwa njaa na huku tumbo lake limejaa. Kwa nini? Majani ni yale yale, na meno ya ng'ombe si ya chuma. Basi ng'ombe ana siri gani ambayo sisi hatunayo?

Tusidhani kwamba swali hili ni la kupitishia wakati tu. Baada ya mavuno husikika habari ya mbuzi au ng'ombe aliyekata kamba usiku, akaingia penye ghala, akala mahindi mpaka akatosheka. Asubuhi mwenyewe humkuta amesimama kinyonge, tumbo limejaa, hacheui wala hataki majani. Pengine hazipiti siku mbili ila amekufa. Hapo maneno huanza. Mmoja husema jirani ametia sumu. Mwingine husema ni kijicho. Watu waliokula pamoja miaka mingi huacha kusalimiana. Nasi twawaambieni kwamba katika mambo kama haya muuaji si jirani wala si kijicho, bali ni mahindi yenyewe. Lakini ili tufahamu jinsi nafaka njema inavyoweza kumwua mnyama, yatupasa kwanza kujua majani ni kitu gani, na ni nani hasa anayeyavunjavunja tumboni mwa ng'ombe.

Na tuanze na jambo ambalo mtoto yeyote aweza kulijaribu. Chukua tonge dogo la ugali, au kipande cha muhogo uliochemshwa, ukitafune polepole wala usikimeze. Baada ya muda kidogo utaonja utamu ambao hapo mwanzo haukuwako. Utamu huo umetoka wapi? Hukutia sukari. Umetoka katika chakula chenyewe, kwa kuwa wanga uliomo katika mahindi na mihogo ni sukari nyingi zilizoungwa pamoja, na mate yetu yana kitu kinachokata maungo yake. Mama apikaye togwa alijua jambo hili kabla ya wenye vitabu. Hupika uji mzito, akauacha upoe kiasi, kisha akautia kimea, yaani unga wa ulezi au mtama uliooteshwa na kukaushwa. Hazipiti saa nyingi uji ule hulegea, ukawa mwepesi na mtamu. Utamu ule haukuletwa na kimea kama vile sukari iletwavyo na kijiko. Kimea kimeleta mkataji, na mkataji ameifungua sukari iliyokuwamo ndani ya uji.

Mkataji huyo alitafutwa na wataalamu wawili wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, nao mwaka 1833 walifaulu kumtenga kutoka katika shayiri iliyoota. Tangu hapo vitu vingi vya namna hiyo vimegunduliwa, na jina lao katika Kiswahili cha vitabu ni vimeng'enya, kwa maana kazi yao ni kumeng'enya, yaani kukivunja kitu kikubwa kiwe vipande vidogo vidogo. Kimeng'enya si kiumbe hai; hakizai wala hakili. Ni kitu kinachotengenezwa na viumbe hai, nacho ni kama chombo cha fundi. Msumeno hukata ubao bila wenyewe kugeuka ubao, na ukiisha kukata mmoja hukata wa pili na wa tatu. Ndivyo kilivyo kimeng'enya, na ndiyo sababu kidogo chake hutosha kwa kazi kubwa. Tena kila kimoja kina kazi yake maalumu. Mwaka 1894 mtaalamu wa Ujerumani, Emil Fischer, alikifananisha kimeng'enya na ufunguo, na kile kinachovunjwa akakifananisha na kufuli. Ufunguo wa mlango wa jikoni haufungui sanduku la nguo. Likumbukeni neno hili la ufunguo, maana ndani yake mna jibu la swali letu.

Sasa tuyatazame majani. Payen yule yule, mwaka 1838, alichukua mimea ya namna nyingi, akaondoa vitu vingine kwa dawa, akakuta kwamba kila mmea humwachia kitu cheupe, na kitu hicho ni kimoja katika yote. Kitu hicho ndicho kilichoitwa selulosi. Ndicho kinachousimamisha mmea, na ndicho kinachojaa katika bua, katika jani na katika ubao. Pamba, ambayo twaifuma nguo, karibu yote ni selulosi. Na ajabu kubwa ni hii: selulosi nayo imetengenezwa kwa sukari, tena sukari ile ile iliyomo katika wanga, iitwayo glukosi. Kwa hiyo shati la pamba alilovaa mtu ni sukari, na nyasi zilizoezekwa juu ya nyumba yake kwa sehemu kubwa ni sukari vile vile. Lakini shati hatulioni likiyeyuka kwa mvua kama sukari iyeyukavyo katika chai.

Tofauti yake na wanga iko katika namna ya kuunga. Fikirini shanga. Mtu mmoja amezitunga shanga zake zote zikielekea upande mmoja, na uzi wake ukajipinda na kulegea kama uzi uliotupwa sakafuni; huo ndio wanga. Mwingine amezitunga shanga zile zile, lakini kila ushanga ameugeuza kinyume cha ule uliotangulia. Uzi wake umenyoka kama kamba iliyovutwa, na nyuzi nyingi zimelala ubavu kwa ubavu, zikashikana sana hata maji hayapiti kati yake. Hiyo ndiyo selulosi. Shanga ni zile zile, ila maungo yamegeuka, na maungo yakigeuka kufuli limebadilika. Ufunguo ulio katika mate yetu hufungua wanga. Katika selulosi hauingii kabisa. Wala katika mwili wetu wote hatuna ufunguo wake.

Tena selulosi haikai peke yake. Ukuta wa mmea umejengwa kama nyumba zetu za miti na udongo. Zimo fito zilizosimamishwa, zimo kamba za kuzifunga, na umo udongo wa kukandika. Fito ni selulosi. Kamba ni sukari nyingine za namna nyingi zilizoungwa, ambazo wataalamu huziita hemiselulosi. Iko na gundi iitwayo pektini, ambayo huzishikamanisha kuta za jirani. Na udongo wa kukandika ni kitu kigumu kiitwacho lignini. Jani changa lina udongo kidogo. Kadiri jani linavyozeeka, mmea huzidi kukandika, hata bua la mahindi likikauka huwa kama nyumba iliyokandikwa ndani na nje. Ndiyo maana mnyama hunenepa kwa majani mabichi ya masika, na hukonda kwa majani marefu ya kiangazi hata kama ni mengi.

Basi ni nani mwenye ufunguo wa nyumba hii? Mtadhani ni ng'ombe. Siye. Ng'ombe mwenyewe hatengenezi kimeng'enya cha kukata selulosi, kama vile sisi tusivyotengeneza. Wenye ufunguo ni bakteria, viumbe vidogo sana wasioonekana kwa macho matupu ila kwa hadubini. Kwa kuwa wengi wetu tumezoea kusikia habari za bakteria wanaoleta maradhi, twadhani wote ni adui. Sivyo. Walio wengi hawana shughuli nasi kabisa, na wengine ni watumishi wetu wakuu. Laiti wangegoma kufanya kazi kwa muda mrefu, ng'ombe, mbuzi na kondoo wasingeishi.

Watu wa pwani wamewatumia watumishi hawa tangu zamani. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja wanawake huchukua makumbi ya nazi, wakayafukia katika mchanga na matope ya ufuoni, mahali ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka, wakayaacha huko kwa miezi kadhaa. Wakiyafukua huyapondaponda, na hapo nyuzi hutengana kwa wepesi, zikasokotwa kamba. Nani aliyezilegeza nyuzi zile? Si maji peke yake. Bakteria wa matopeni hutoa vimeng'enya vinavyokata pektini, ile gundi, na gundi ikiisha nyuzi huachana. Lakini nyuzi zenyewe zimekandikwa lignini nyingi, hivyo hubaki nzima kwa muda mrefu. Mwenye makumbi ajua kipimo: akiyatoa mapema nyuzi hazitengani. Basi kazi ya vimeng'enya si ngeni kwetu. Mikono ya mama zetu imeifanya, ingawa jina lake hawakuambiwa.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Achinjaye ng'ombe ajua kwamba mnyama huyu ana matumbo manne. La kwanza ni kubwa mno, na ndani yake lina vinyweleo vifupi kama kitambaa cha taulo. La pili lina vyumba kama sega la nyuki. La tatu lina mikunjo kama kurasa za kitabu. La nne ndilo lifananalo na tumbo letu. Tumbo la kwanza, katika ng'ombe mkubwa, lachukua lita 100 na zaidi, yaani kama madebe matano. Hilo si jiko la ng'ombe. Ni nyumba aliyowapangisha bakteria. Humo mna joto la kadiri ya digrii 39 mchana na usiku, mna maji, hamna hewa ya kutosha kuwadhuru, na chakula huingia kila mara. Hesabu ya wapangaji yashinda akili: katika kijiko kimoja cha chai cha maji ya tumbo hilo mna bakteria wengi kuliko watu wote wa dunia nzima. Pamoja nao wamo viumbe wengine walio wakubwa kidogo, ambao Gruby na Delafond waliwaona huko Ufaransa mwaka 1843, na ukungu wa namna yake pia.

Kuwatambua bakteria wenyewe wenye ufunguo ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu wakipata hewa hufa. Mmarekani Robert Hungate, katika miaka ya 1940, alitengeneza njia ya kuwaotesha katika mirija ya kioo iliyoondolewa hewa na kuzibwa barabara. Ndani yake alitia kitu kigandacho kama uji uliopoa, kilichochanganywa na selulosi iliyosagwa laini, hata mrija ukawa na weupe wa ukungu. Baada ya siku kadhaa, pale walipoota bakteria wa selulosi, weupe ule ulitoweka, pakabaki duara safi. Ilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba malishoni, akala majani yote yaliyomzunguka mpaka mwisho wa kamba yake. Kwa alama hiyo Hungate aliweza kusema kwa hakika, "Huyu ndiye," na mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa juu ya tumbo la kwanza na wakazi wake.

Na tutazame jinsi wanavyofanya kazi. Ng'ombe hulikata jani, akalimeza bila kulitafuna sana. Baadaye, akiwa amelala kivulini, hulirudisha kinywani na kulitafuna tena polepole, ndiko kucheua. Mtu mvivu humtazama na kusema, "Huyu anapumzika kama mimi." Kumbe ng'ombe anaponda majani ili kuwafungulia bakteria njia, maana pale palipopasuka ndipo wanapopata kushika. Bakteria hujibandika juu ya kipande cha jani, wakatoa vimeng'enya vyao. Kimoja hukata uzi wa selulosi katikati. Cha pili huanzia mwishoni mwa uzi uliokatwa, kikazitoa sukari mbili mbili. Cha tatu huzigawa zile mbili, ikawa moja moja. Hakuna kimoja kiwezacho kuimaliza kazi peke yake. Ndiyo maana ya methali yetu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1983 Raphael Lamed na Edward Bayer walieleza kwamba kuna bakteria ambaye vimeng'enya vyake havitupwi ovyo, bali vimepangwa pamoja juu ya kiunzi kimoja, kama mafundi waliopanda jukwaa moja la kujengea ukuta. Baadaye mpango huo umeonekana pia kwa bakteria wa tumboni mwa wanyama wenye kucheua.

Sukari ikiisha kufunguliwa, je, ng'ombe huipata? Haipati. Bakteria huila wenyewe papo hapo. Lakini katika kuila huacha asidi, mojawapo ikiwa ile ya siki, nazo hupenya katika ukuta wa tumbo na kuingia katika damu. Zaidi ya nusu ya nguvu zote za ng'ombe zatoka katika asidi hizo. Hii ni kodi ya kwanza. Kodi ya pili ni kubwa vile vile. Bakteria huzaa bila kukoma, na kila saa wengi wao huchukuliwa na maji mpaka tumbo la nne, na huko ng'ombe huwameng'enya wao wenyewe, akapata vitu vya kujengea nyama na kutengenezea maziwa. Kwa hiyo ni kweli kusema kwamba ng'ombe huwalisha bakteria majani, kisha huwala bakteria. Iko na hewa chafu inayobaki, nayo ng'ombe huitoa kwa kuteuka. Akizuiliwa kuteuka, tumbo hufura na huweza kufa.

Mapatano haya kati ya mwenye nyumba na wapangaji wake ni mazuri, ila yana sharti moja: mambo tumboni yasibadilike ghafula. Bakteria wa selulosi ni wafanya kazi wa polepole, na hawawezi kustahimili ukali mwingi wa asidi. Ng'ombe huwalinda kwa mate yake. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa mate lita 100 na zaidi kwa siku, nayo yana chumvi zilizo jamii ya magadi, ambazo hupunguza ukali huo. Lakini mate mengi huja kwa kucheua, na kucheua huja kwa majani yenye nyuzi.

Hapo ndipo twafika kwenye ghala lililovunjwa. Mnyama aliyezoea majani akila mahindi mengi kwa usiku mmoja, wanga huingia tumboni kwa wingi usio wa kawaida. Wamo humo bakteria wachache wapendao wanga. Kwa kawaida hawana nafasi. Sasa wamepata karamu. Huzaa upesi mno, kundi likawa maradufu kwa muda usiotimia saa, kisha maradufu tena. Hawa hutoa asidi kali, ile iliyomo katika maziwa ya mgando. Tumbo huwa kali kupita kiasi, na wale wafanya kazi wa selulosi hufa kwa wingi. Ukuta wa tumbo hupata vidonda, maji ya mwili huvutwa kuingia tumboni, damu nayo huanza kuchachuka. Mnyama huacha kucheua, hivyo mate hukoma, na mate yakikoma ukali huzidi. Mwenyewe huona tumbo limejaa na mnyama amelegea. Haoni kwamba ndani yake mji mzima umeangamia. Hapana sumu iliyoletwa na mtu. Basi, ndugu zetu, kabla ya kumtaja jirani, tazameni ghala, tazameni kamba iliyokatika, tazameni kama katika kinyesi mna punje za mahindi.

Kwa kuwa tumeyajua hayo, na tuone yatupasa kufanya nini.

Kwanza, ghala na magunia yawe mahali ambapo mnyama hawezi kufika, na wakati wa kupura mahindi wanyama wasiachwe wakizurura uwanjani. Akigunduliwa mnyama aliyekula nafaka nyingi, mwondoeni penye nafaka mara moja, mpeni majani makavu, na aitwe bwana mifugo siku ile ile, kabla mnyama hajalala chini. Akiisha kulala, mara nyingi msaada umechelewa. Waganga wa mifugo wanazo dawa za kupunguza ule ukali. Na pengine huchukua maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya wakamnywesha mgonjwa, ili kuwarudisha wafanya kazi waliokufa.

Pili, mtu akitaka kumwongezea ng'ombe wake wa maziwa pumba au nafaka, jambo ambalo ni jema, aanze kwa konzi moja, aongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu, wala asimnyime majani hata siku moja. Bakteria wa kila namna hupata nafasi ya kujipanga. Haraka haraka haina baraka, na tumboni mwa ng'ombe methali hii ni sheria.

Tatu, yafaa kukata majani ya akiba wakati yanapoanza kutoa maua, yakakaushwa na kuwekwa mahali pasiponyesha. Mkulima asingoje mpaka yamekuwa marefu na magumu kwa kutamani wingi wake, kwa sababu wingi huo ni wa udongo wa kukandika, ambao bakteria wa tumboni hawawezi kuuvunja. Mabua ya mahindi na mtama yakatwekatwe vipande vifupi, ili mnyama asichague na kuyaacha, na bakteria wapate mahali pengi pa kushika.

Nne, mabua peke yake hayatoshi. Wafanya kazi nao wanahitaji chakula cha kujengea miili yao, na mabua yana kidogo sana cha namna hiyo. Yachanganywe na majani makavu ya kunde, ya maharage au ya karanga. Wafugaji wengine huyatupa majani hayo shambani, kisha wanashangaa ng'ombe anakonda mbele ya lundo la mabua. Wafanya kazi wamepewa kazi, hawakupewa posho.

Tano, ndama azaliwapo tumbo lake la kwanza ni dogo na halijaanza kazi. Kwa siku za mwanzo huishi kwa maziwa. Bakteria huwapata kwa mama yake anayemramba, na katika majani anayoonja. Basi ndama aachiwe majani laini karibu naye mapema, ili nyumba ipate wapangaji. Na mnyama mkubwa asinyweshwe ovyo dawa za kuua bakteria pasipo shauri la mganga wa mifugo, maana dawa ipitayo kinywani haibagui adui na mtumishi.

Hata mabua yasiyoliwa na mnyama yasichomwe moto. Yakirundikwa pamoja na samadi, yakanyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, bakteria na ukungu huyafungua kama wanavyofungua majani tumboni, na joto unalolisikia ukitia mkono katika lundo ni dalili ya kazi yao. Baada ya miezi kadhaa hubaki mbolea nyeusi inayoshika maji ya mvua na kulisha shamba. Moto huimaliza kazi hiyo kwa saa moja, lakini hubakiza majivu peke yake. Mengine yote yamekwenda na moshi.

Nanyi wanafunzi, tunawaachieni kazi. Chukueni kipande cha kitambaa cha pamba tupu, mkikate viwili vilivyo sawa. Kimoja kifukieni katika udongo wenye rutuba na unyevu, cha pili kiwekeni sandukuni mahali pakavu. Baada ya wiki sita au nane kifukueni cha kwanza, mvilinganishe. Mtaona kwa macho yenu kwamba iko mikono isiyoonekana inayoshona na kufumua ulimwengu huu. Na aliye na hekima huijua kazi ya mikono hiyo, wala haipingi, bali huifanya kuwa msaada wa shamba lake na zizi lake.